Maji ya Zamu ya Nakijwa

Kuna asubuhi moja naikumbuka, mwanangu, ambayo kwa zaidi ya miaka hamsini nimejaribu kuisahau na imekataa. Umekuja kwangu na barua iliyopigwa chapa vizuri, unataka nitie mkono ili ukafungue kanisa kule tambarare hata chuo hujamaliza, na umeketi ukingoni mwa kiti kama mtu anayeogopa kuachwa na basi. Liache liende. Pale Hedaru mabasi hayaishi. Mama yako, mke wangu, anapakua makande huko jikoni, na wewe utakula, na wakati unakula nitakuambia jambo ambalo sijawahi kulisema mimbarini.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilizaliwa huku juu, upande wa Myamba, lakini wokovu niliupata chini, kwenye mashamba ya mkonge. Nilishuka kukata mkonge kama vijana wengi wa wakati ule, na kambini nikamkuta mzee mmoja Muha, jina lake Yeremia, aliyekuwa mkataji kama sisi. Mikono yake ilijaa makovu ya miiba. Jumapili alisimama kwenye stoo ya magunia akahubiri, na alikuwa Mbaptisti, neno ambalo mimi nilikuwa sijalisikia. Huku mlimani tulijua makanisa ya zamani ya wamisionari, na kule barabarani tulijua msikiti. Yeremia akanifundisha kwamba mtu hubatizwa akiwa na akili zake, anajua anachokifanya, tena huzamishwa mwili mzima kama anayezikwa, kisha huinuliwa. Akanizamisha mwenyewe katika mto Pangani, mahali ambapo wenyeji walituapia kwamba hapana mamba.

Yeye na wenzake wa kambini ndio walionipeleka chuo cha Biblia. Masomo yalikuwa ya miaka mitatu. Nilipomaliza mwaka wa pili nikaja nyumbani likizo, na Yeremia akaniaga kwa maneno machache: nenda ukale, umsaidie mama yako shambani, usianzishe kitu chochote mpaka umalize. Nikamwitikia ndiyo mzee. Ndiyo ya mdomoni haina gharama, wewe mwenyewe unaijua, hata sasa hivi unanitikisia kichwa.

Sikurudi kama mwanafunzi, nilirudi kama bwana mkubwa. Suruali ya kaki imepigwa pasi, Biblia kwapani, na Kiswahili cha chuoni mpaka mama yangu akaniuliza kwa Chasu, Kipare chetu, kama nimesahau ulimi wake. Na nyakati zenyewe zilinipa kichwa. Tulikuwa watu wa Uhuru, na Azimio la Arusha lilikuwa limeshatangazwa. Kila kitu kilikuwa kinaanzishwa, shule, zahanati, duka la ushirika, na kijiji chenyewe. Kijana asiyeanzisha kitu alionekana amelala. Mwenyekiti wa kijiji akatangaza kwamba mwisho wa mwezi atagawa viwanja karibu na shule, na dhehebu litakaloonyesha waumini wake halisi litapata kimoja.

Nilikuwa nimepata watu tisa waliokuja kunisikiliza uani kwa mjomba wangu. Walikuwa wasikilizaji wazuri, lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa amezamishwa, na kwetu sisi asiyezamishwa bado si muumini wa kuhesabika. Nikajiambia chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Nilikitaka kiwanja kile, mwanangu. Nilikuwa nimeshaanza kuona bati zake zikimetameta.

Sasa, wewe umekulia Same mjini, maji yako hutoka bombani yakijisikia, kwa hiyo nikueleze ndiva. Ndiva ni bwawa walilochimba babu zetu mlimani. Ukuta wake ni wa udongo na mawe, na chini ya ukuta kuna tundu la kutolea maji, upana wake kama paja la mtu mzima. Tundu hilo ndilo mlango. Jioni mlango unazibwa, kijito kinaijaza ndiva usiku kucha, na alfajiri mlango unafunguliwa, maji yanashuka kwa mfereji hadi shamba la mwenye zamu siku hiyo. Kila nyumba ina zamu yake. Kuna watu wamegombana na ndugu zao wa tumbo moja kwa zamu ya maji na wakafa hawajapatana. Na ndiva ikijaa matope, pembe inapigwa, watu wote wanatoka kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kuizoa. Pembe ilipigwa wiki ile niliyorudi. Mimi sikwenda. Niliwaambia nina kazi ya Bwana.

Kiangazi kilikuwa kikali na kijito kilikuwa hakifiki kisiginoni. Maji pekee ya kumzamisha mtu yalikuwa ya ndiva, na ndiva yenyewe ilivuja kidogo mlangoni, kwa hiyo kufika alfajiri ilikuwa haivuki kiuno. Nikaenda kwa Mzee Kiondo, mlinzi wa ndiva.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kuomba maji au umekuja kuniambia kwamba umeshayachukua?"

Alikuwa ananijua. Nikamweleza kwamba nataka Jumapili maji yabaki ndani mpaka jua lipande, na kwamba nitauziba mlango vizuri kwa mawe na udongo wa mfinyanzi ili yajae mpaka kifuani.

"Jumapili ni zamu ya nyumba ya Elisante," akasema. "Mwenye kulima ni mkewe, Nakijwa. Akikubali yeye, mimi sina neno. Lakini mlango hauzibwi kwa mawe. Unazibwa kwa mti na magome ya migomba, ili mtu auvute akiwa amesimama juu ya ukuta. Na ndiva ikiwa imejaa, hakuna anayekwenda mlangoni. Ni mwiko."

Aliposema mwiko, mimi masikio yangu yaliziba. Chuoni tulikuwa tumefundishwa habari za miiko na matambiko, nami nikalitia la mzee katika kapu hilohilo. Nikatoka kwake nikitabasamu kwa huruma, ile huruma mbaya ya msomi. Mzee wa watu alikuwa ananieleza kazi ya maji, mimi nikasikia ushirikina.

Elisante alikuwa mmoja wa wale tisa, na ndiye niliyempenda kuliko wote. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye kucheka kwa aibu akiziba mdomo. Mkewe hakuwa wetu. Nilipokwenda kumwomba maji, Nakijwa hata jembe hakuliweka chini. Aliniambia mahindi yanatoa mbelewele, kwamba yakikosa maji Jumapili hiyo hayatafika zamu ijayo, na kwamba watoto wake watatu hawali ubatizo. Nikamgeukia Elisante. Nikamfungulia maandiko pale pale shambani, nikamwambia mume ni kichwa cha nyumba. Elisante akamtazama mkewe, akanitazama mimi, akasema basi, yatatoka baadaye kidogo, jua halitakuwa limepanda sana. Nakijwa akaendelea kulima.

Jumamosi jioni niliziba mlango kwa mikono yangu. Niliingiza ule mti wa kuvutia kama kawaida, halafu nikaushindilia mawe na udongo. Alfajiri ndiva ilikuwa imejaa kama sijawahi kuiona. Tuliimba. Niliwazamisha wote tisa upande wa juu, penye kina cha kiasi, na Elisante akawa wa mwisho. Aliinuka akicheka, safari hii hakuziba mdomo. Mpaka leo nikifumba macho naliona pengo lake la jino la pembeni.

Kisha ikawa zamu ya kufungua maji. Jua lilikuwa limeshapanda. Tukauvuta mti kutoka juu ya ukuta, watu wawili, kisha watatu, na mti ukakatika. Nilikuwa nimeushindilia mno. Kutoka chini shambani tukamsikia Nakijwa anaita, "Elisante, maji." Hakupiga kelele. Aliita kama mtu anayeita chakula kiletwe. Akaita tena.

Elisante akaanza kushuka ukutani kwa ndani. Akasimama, maji yakimfika kifuani, akanitazama. "Mwinjilisti, hapa mlangoni ni mwiko."

Nikamwambia, "Wewe sasa ni mtu mpya. Mwiko haukuhusu."

Ndilo neno lenyewe. Katika mahubiri yangu yote ya miaka hii hakuna neno lililotiiwa upesi kama hilo. Akavuta pumzi, akazama. Jiwe la kwanza akaliinua, akalitupa pembeni. Akavuta pumzi tena, akatoa la pili. Mara ya tatu tukasikia mfereji unanguruma chini ya ukuta na wenzetu wakashangilia, maji yametoka, bwana asifiwe. Walishangilia, mwanangu, na mimi niliongoza wimbo. Tulikuwa kwenye ubeti wa pili nilipoona kwamba yeye hajainuka.

Mkono wake ulikuwa umevutwa tunduni mpaka begani. Niliruka, nikamkamata kiunoni, nikavuta. Wale wanane wakavuta nami. Maji ya ndiva nzima yalikuwa yanamkandamiza kwenye tundu lile, na sisi ni nani. Niliusikia mwili wake ukipigana, halafu nikausikia ukiacha. Mzee Kiondo alifika mbio na jembe, mzee yule mwenye miguu mibovu, akaanza kuukata ukuta. Ukuta walioujenga babu zake aliukata yeye mwenyewe bila kuuliza. Maji yalipopungua tukamtoa. Haikuwa na faida tena.

Nakijwa akapanda kutoka shambani. Miguu yake ilikuwa imelowa mpaka magotini, kwa sababu maji yalikuwa yamekutana naye njiani, na kule chini yalikuwa yameshayang'oa mahindi mistari kwa mistari. Alipiga magoti, akamfuta mumewe udongo usoni kwa kanga yake. Akauliza, "Nani alimwambia aingie?"

Hakuna aliyejibu. Wale wanane wakatazama chini. Na mimi, mwanangu, nikatazama chini pamoja nao.

Kesho yake tulizika. Watu walisubiri niongoze, maana marehemu alikuwa mtu wangu, nami nikasimama kaburini na kitabu mkononi sijui pa kuanzia. Somo la mazishi lilikuwa la mwaka wa tatu. Nilisoma zaburi, nikaikosea, nikafunga kitabu. Mzee Kiondo ndiye aliyechukua koleo akaanza kufukia, na watu wakamfuata. Usiku huo sikulala nyumbani. Nilikuwa nimeshashuka mlima kwa miguu, natoroka.

Nilimkuta Yeremia kambini ananoa panga. Nikamwambia yote, ila nilivyoyapanga, yalikuwa ajali. Akanoa mpaka nikaishiwa maneno, ndipo akauliza.

"Mwito wa kuanzisha kanisa ulitoka wapi? Kwa Mungu au kwa kiwanja?"

Nikatazama panga lake.

"Yule mama aliuliza nani alimwambia aingie. Alijibiwa?"

"Hapana."

"Basi hapa umekuja kufanya nini? Mimi siye niliyeuliza." Akarudi kunoa panga lake. Baadaye kidogo akasema, bila kuniangalia, "Umetafuta watu wa kuzamisha kabla hujapata watu wa kuzika. Ungewachimbia makaburi ya baba zao, ukawalimia wakiugua, wangekuambia wenyewe kwamba mlango hauzibwi kwa mawe, nawe ungewaamini. Panda mlima. Ukishamjibu, Biblia yako ifunge mpaka mtu akuombe uifungue."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi guu langu liko zima, aliyevunjika ni mwingine, na hilo ndilo baya. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Lakini mwiba wangu ulimchoma Nakijwa.

Nilipanda. Nilimkuta anaokota mahindi machanga yaliyosombwa, anayatenga ya kuwapa mbuzi. Nikasimama kwenye mpaka wa shamba, sikuthubutu kuvuka. Nikamwambia, "Ni mimi niliyemwambia aingie. Alinikumbusha mwiko, nikamwambia haumhusu."

Akaendelea kuokota. "Nilijua," akasema. "Nilitaka nione kama utasema." Kisha, akiwa ameinama vilevile: "Kesho kuna msaragambo wa ukuta wa ndiva. Watu hawatoshi."

Nikaenda. Nilibeba udongo kwa siku nyingi na hakuna aliyeniita mwinjilisti. Wale wanane walirudi makanisani kwao, na siwalaumu. Kiwanja kilijengwa ghala la ushirika. Mwaka huo nyumba ya Nakijwa ilikula kwa kuomba, na watoto wake nilikuwa nakutana nao njiani na vibakuli. Mama yangu alikuwa akinipa makande yangu, nayafunga kwenye jani, napeleka, naweka mlangoni, naondoka. Haikurudisha kitu. Maji yakimwagika hayazoleki, nakwambia, hata ukipiga magoti na kitambaa.

Nilirudi chuoni, nikamaliza mwaka wa tatu. Somo la mazishi lilipofika mwalimu aliniuliza mbona naandika sana. Kisha nikarudi nyumbani, na wala sikufungua kanisa. Serikali ilitaka walimu wa kisomo cha watu wazima, kijiji kikaniomba, nikakubali. Jioni nilifundisha a, e, i, o, u. Mchana nililima. Palipokuwa na msiba nilichimba kaburi, la Mkristo na la Mwislamu na la mzee asiye na dini, nikarudi nyumbani. Miaka ikapita hivyo. Nakijwa alikuja darasani, akakaa nyuma kabisa. Alipojua kuandika alikwenda kuandika jina la mumewe kwenye msalaba wa mbao, kwa msumari, herufi moja moja.

Siku moja akanikuta natengeneza mfereji. Watoto wake walikuwa wameshakua.

"Jumapili ni zamu yangu," akasema. "Shamba limeshiba. Maji yanayobaki nayatoa mimi mwenyewe. Nataka unizamishe."

Akaona machozi yangu, akakunja uso.

"Usije ukadhani nimekusamehe yote. Nakwenda kwa Mungu, siji kwako. Ila hapa mlimani hakuna mwingine anayejua kuzamisha. Na mlango uwe wazi."

Tulifanya hivyo. Mzee Kiondo, ambaye alikuwa hawezi tena kutembea vizuri, alibebwa hadi ukutani, akauvuta mti mwenyewe. Maji yakawa yanapungua huku tunaomba. Yalipofika mapajani ilibidi nipige magoti kwenye tope ili Nakijwa aweze kulala majini. Nilimshika kwa nguvu mpaka akaniambia, "Niachie kidogo, nitainuka mwenyewe." Akainuka mwenyewe. Jumapili iliyofuata alikuja na mwanawe mkubwa na jirani mmoja, wakaniuliza tutakuwa tunakutana wapi. Kanisa hili unaloliona lilianza kwa swali hilo, na lilianza jikoni kwake. Mwaka juzi tulimzika karibu na mumewe. Sikujua kama alikuwa amemaliza kunisamehe, na sikumuuliza.

Sasa nikuambie wazi, mwanangu, maana umekula na bakuli liko tupu. Barua hii siitii mkono leo. Sikukatazi; kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na sisi Wapare tunaujua uhunzi. Maliza chuo kwanza. Kisha nenda huko unakotaka kufungua kanisa, ukapange chumba, ulime, uitikie msaragambo wao, uzike wafu wao bila kuuliza ni wa dhehebu gani. Watu wa mahali wakikuambia jambo ni mwiko, usicheke. Waulize kwanza ni nani alikufa mpaka wakaweka mwiko huo. Maji ya mtu usiyachukue kwa maandiko, wala usimfanye mume awe mdomo wako kwa mkewe. Ukiwa na hamu kubwa ya kuanzisha, tazama nyuma ya hamu hiyo kama hakuna kiwanja. Na ukikosa, jibu swali siku hiyohiyo linapoulizwa, kwa sababu kila siku unayokaa kimya aliyekuuliza anaendelea kusubiri. Siku atakapokuja mtu wa huko akuulize tutakutana wapi, niletee barua yako. Ukinikuta nimekwenda, mama yako atakuonyesha kalamu yangu ilipo, utie mkono mwenyewe.

Nenda salama. Mungu akupe masikio kabla hajakupa sauti. Akupe mzee wa kukukemea na mama wa kukukatalia. Zamu yako ikifika ikukute umesimama unapostahili kusimama. Na kila utakayemwingiza majini, Bwana akujalie kumtoa.